Kocha wetu anatuua, na mwanangu hataki tena kwenda uwanjani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga niliyekulia Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa 15 naishi Marekani, katika mji mdogo wa chuo huku Kati Magharibi, mahali ambapo nyumba zikiisha yanaanza mashamba ya mahindi. Jina la mji na la chuo naomba yabaki moyoni mwangu. Najua wapo watakaosema tatizo langu ni la mtu aliyeshiba. Nisomeni kwanza.

Kikapu nimekipenda tangu utotoni, pale viwanja vya Don Bosco, Upanga, tukicheza kwa viatu vya kuazimana. Lakini mpira wa vyuo vya Marekani ulinikamata mwaka 2009, na aliyenikamatisha ni Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, anafuta mipira ya watu hewani kule Connecticut mpaka timu yake inaingia nne bora. Juni ya mwaka huohuo akachaguliwa wa pili kuingia NBA, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry. Sisi vijana wa Upanga tulitembea kama tumechaguliwa sisi. Mwaka uliofuata jina langu likatokea kwenye bahati nasibu ya grinikadi, nikaja. Connecticut sikufika. Nilifika alikokuwa binamu yangu, huku kwenye mahindi.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyejua jina langu. Nilikuwa naosha vyombo jikoni kwenye hospitali, narudi chumbani, nalala, naamka, naosha vyombo. Siku moja msimamizi wangu akanipa tiketi iliyobaki. Nikapanda mpaka viti vya juu kabisa, nikakaa jirani na mzee mmoja mkulima mwenye kofia ya kampuni ya trekta. Hakuniuliza natoka wapi. Alinimiminia karanga za maganda kiganjani, akanionyesha daftari lake. Anaandika mchezo wote kwa penseli, kila pointi, kila faulo. Timu yetu ilipofunga la ushindi watu wote wakasimama, na yule mzee akanishika mkono akautikisa kana kwamba nimefunga mimi. Tangu siku hiyo nina timu.

Sasa nina viti viwili vya msimu, palepale kwa mzee wa karanga. Kimoja changu, kimoja cha mwanangu, ambaye nilianza kwenda naye akiwa na miaka 5 na sasa ana 12.

Shangazi, tatizo ni kocha. Alikuja miaka minne iliyopita kutoka majimbo ya mashariki, na suti nzuri na maneno mazuri. Misimu mitatu imekwisha, kwenye zile timu 68 zinazogombea ubingwa wa vyuo kila Machi hatujaingia hata mara moja, na huu wa nne unaelekea hukohuko. Kila mwaka anasema bado tunajenga. Nyumba gani hii isiyofika lenta?

Jumamosi iliyopita tulikuwa nyumbani. Zimebaki dakika nne, tunaongoza kwa pointi 9. Kocha akasimama ukingoni mwa uwanja, akashusha viganja viwili kama mtu anayetuliza mtoto: taratibu, taratibu. Kwenye mpira wa vyuo timu ina sekunde 30 za kutupa. Vijana wetu wakaanza kuuzungusha mpira kule nje, sekunde zinakatika, 20, 25, halafu mmoja anarusha tu kwa sababu saa inamfukuza. Haingii. Wenzetu wanakuja, wanatupa wa pointi tatu, unazama. Tena vilevile. Tena. Zilipobaki sekunde 50 kocha akaomba mapumziko. Mimi nilikuwa nimechukua darubini ndogo ya mwanangu, naliangalia benchi. Kocha anachora kwenye kijiubao chake, anafuta kwa kiganja, anachora. Namba 11 ameinama anafunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Wengine macho yako kwenye ubao wa matokeo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama kile alichokuwa anachora. Tukafungwa kwa pointi 2. Kipigo cha tano mfululizo nyumbani.

Uwanja ukaanza kuimba afukuzwe. Mimi nikapanda juu ya kiti. Kwa Kiingereza, kwa sauti ya konda wa daladala, nikamwambia kocha: “Rudi ulikotoka!” Watu wakacheka, wakanipigia makofi, mmoja akanipiga begani. Nikarudia mara tatu.

Kwenye gari mwanangu hakusema neno. Tulipofika nyumbani akawa anavua viatu mlangoni, hakunitazama, akasema, “Baba, yule mtu wa kituo cha mafuta naye alikwambia hivyohivyo.” Shangazi, hayo ya kituo cha mafuta yalitokea miaka miwili nyuma. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma, na mimi nilijiaminisha kwamba hakusikia.

Sasa hataki kwenda. Jumatano tuna mechi nyumbani, amesema ana kazi za shule. Mama watoto naye amepata nafasi. Viti vile ni dola 640 kwa msimu, na juu yake natoa dola 20 kila mwezi kwenye mfuko wa mashabiki wa kuwalipa wachezaji. Anasema fedha hizo zingekuwa zimeezeka nyumba ya mama yangu Tanga, na kwamba nanunua presha kwa fedha taslimu. Mwisho wa kulipia msimu ujao ni Aprili. Halafu kuna wenzangu wa safu za chini, wamepanga Jumatano kuingia na mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa macho, na wananitaka niongoze kwa kuwa sauti yangu inafika.

Niache timu? Nimvumilie kocha? Au nivae mfuko?

Shabiki wa Safu ya Juu

*

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa vipigo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili niliisoma na mpwa wangu, kijana anayeijua NCAA, hiyo michezo ya vyuo vya Marekani, kuliko anavyoijua kazi aliyoajiriwa. Kwa hiyo nitakayoyasema ya kikapu ni yake na yangu. Ya nyumbani kwako ni yangu peke yangu, usimlaumu yeye.

Tuanze na kocha, maana najua macho yako yameshamkimbilia. Wapo watakaokuhubiria subira, na watakutajia chuo cha Duke. Mwaka 1980 Duke walimwajiri kocha kijana aliyetoka chuo cha jeshi, Army, jina lake ni mtihani kulitamka: Mike Krzyzewski. Misimu mitatu ya kwanza alishinda mechi 38, akafungwa 47. Ule wa tatu, 1983, uliishia kwa kuchapwa na Virginia 109 kwa 66. Wahitimu na wachangiaji wakataka aondoke. Mkuu wa michezo wa chuo, Tom Butters, badala ya kumfukuza akamwongezea mkataba. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1991. Alipostaafu 2022 alikuwa nao mitano, na ameshinda mechi 1,202. Na jirani zao wa Chapel Hill: mwaka 1965 timu ya North Carolina inarudi kutoka kufungwa na Wake Forest, inakuta wanafunzi wamemtengenezea kocha Dean Smith sanamu na kuitundika kama mtu aliyenyongwa. Mchezaji wake, Billy Cunningham, ndiye aliyeshuka kwenye basi akaing'oa. Leo uwanja wanaochezea una jina la Dean Smith.

Hadithi tamu. Mimi siziamini sana, kwa sababu hizi mbili zinasimuliwa kila mahali na zile nyingine hazisimuliwi. Patrick Ewing aliipa Georgetown ubingwa wa 1984 akiwa mchezaji, chuo kilekile alichosoma baadaye Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Mwaka 2017 akarudi kuwa kocha. Mwaka 2021 akatwaa kombe la ligi yao, Big East, watu wakasema mnaona, subira imelipa. Msimu uliofuata wakacheza mechi 19 za ligi, wakafungwa zote 19. Wakamwachia mwaka mwingine: ushindi 7, vipigo 25. Machi 2023 wakaachana naye. Louisville nao walimrudisha mtoto wao, Kenny Payne, aliyekuwa kwenye timu ya ubingwa wa 1986. Misimu miwili, mechi 12 za kushinda na 52 za kufungwa. Walipombadilisha 2024, mwaka uliofuata wakashinda 27. Pale waliokuwa wanapiga kelele walikuwa sahihi, na subira ingekuwa ujinga.

Kwa hiyo kuhusu kocha wako sitakuambia uvumilie. Kilichonipa wasiwasi kwenye barua yako si zile pointi 9, maana hata makocha wakubwa wanazipoteza. Ni namba 11 na kamba zake. Kocha anayefungwa huku wachezaji wanamtazama, huyo mpe muda. Kocha anayechora ubao ambao hakuna jicho linaloutazama, katika mwaka wa nne, tena miaka hii ambapo mchezaji akichoka anahama chuo majira ya kuchipua kama anayehama gesti, mimi ningemwambia afungashe virago mapema. Mpwa wangu anasema nimekuwa mkali. Sawa.

Ila si mimi ninayeamua, na hapa ndipo nataka unisikilize. Umezoea Simba na Yanga. Kwetu kocha akitoa sare mbili mashabiki wakajaa getini, kesho yake viongozi wanaita waandishi wa habari. Huko uliko kocha ana mkataba wa miaka na miaka, na ukimwondoa kabla ya wakati unamlipa. Indiana walipoachana na Archie Miller mwaka 2021 ziliwatoka zaidi ya dola milioni 10, na zilitoka mifukoni mwa wafadhili binafsi. Kentucky mwaka 2024 kumwondoa kocha wao John Calipari kungewagharimu zaidi ya milioni 33, huku mji mzima umekasirika. Unakumbuka walivyoanza kukasirika? Kwenye mashindano ya Machi 2022, Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, mchezaji bora wa mwaka wa nchi nzima, alifunga pointi 30 na kukamata ribaundi 16, yaani mipira iliyokosa kikapu, na bado wakatolewa na Saint Peter's, kachuo kadogo ka Jersey City. Miaka miwili baadaye wakatolewa tena na Oakland. Mwishowe hakuna aliyemfukuza: Calipari aliondoka mwenyewe akaenda Arkansas, na msimu uliofuata Kentucky wakiwa na kocha mpya na Arkansas wakiwa na Calipari wote wakafika 16 bora. Ndoa nyingine zinakuwa hivyo. Hakuna mbaya, zimechoka tu.

Maana yake nini kwako? Kwamba hatima ya kocha wako inajadiliwa na watu wanne au watano wenye kalamu, na swali lililo mezani ni nani atakayelipa. Viti vitupu wanaviona. Mchangiaji mkubwa akiacha kupokea simu wanahisi. Mtu wa safu ya juu aliyepanda kwenye kiti hawamsikii. Ulidhani sauti yako inafika, na kweli imefika, ila si kule ulikoielekeza. Imefika kiti cha pili.

Sasa tuje kwa mtoto.

Umeandika mengi sana kuhusu sekunde 30 na kijiubao, na neno la kituo cha mafuta umelipa mistari minne. Mimi ndilo nililolisoma mara ya tatu. Mtoto wa miaka 10 amekaa kiti cha nyuma anasikia mtu mzima anamwambia baba yake arudi alikotoka. Anamwona baba anarudi garini, anafunga mkanda, anawasha gari, hasemi kitu. Hakuuliza. Amelibeba miaka miwili akiamini kwamba baba halizungumzi kwa sababu linauma. Halafu Jumamosi anamwona baba yuleyule amepanda kiti analirusha neno hilohilo, na watu wanampigia makofi. Unataka aje Jumatano kufanya nini?

Usiende kumweleza kwamba ya kocha ni tofauti, kwamba kocha ni mzungu tajiri, kwamba ni utani wa mpira. Tofauti ipo, naijua, naye ataijua akikua. Kwake leo ni maneno yaleyale. Mwambie: nilikosea, nililitupa neno ambalo mimi mwenyewe liliniumiza. Halafu, na hili ni gumu zaidi, mwambie ya kituo cha mafuta. Alisema nini yule mtu, wewe ulihisi nini, kwa nini ulinyamaza. Ukinyamaza tena atajaza mwenyewe, na watoto wakijaza wenyewe huwa wanajaza vibaya. Mwambie mkiwa mnafanya kitu, mnaosha gari, mnatupa mpira pale kwenye kikapu cha mtaani kwenu. Usimketishe sebuleni kama polisi. Na ukimaliza usimwombe aje uwanjani. Ukiomba hapohapo ataona msamaha ulikuwa tiketi.

Jambo jingine umelipitia haraka nami nalishika: zile dola 20. Miaka ile wachezaji walipokuwa hawalipwi, shabiki alikuwa shabiki. Tangu 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinalipa, mwaka ule wa kwanza mpaka kama dola milioni 20 na nusu kwa michezo yote ya chuo kimoja. Sina ugomvi na hilo. Vijana walikuwa wanawaingizia watu fedha za televisheni huku mifuko yao inavuma upepo. Ugomvi wangu ni kwamba kile kichango kimekufanya ujione mwajiri. Unaangalia benchi kwa darubini kama bosi anayehesabu waliochelewa kazini. Huyo namba 11 ana miaka 19 au 20 na amefungwa mara tano mbele ya majirani. Ulipokuwa huna hata senti ya kumpa mtu, ulifurahia mpaka mkulima akakutikisa mkono. Mwezi ujao acha kutoa hizo 20. Usitangaze wala kuandika barua ya kupinga, acha tu. Kisha uone kama bado unachukua darubini.

Mkeo. Mwanangu, umemtaja mzee wa karanga kwa mapenzi kuliko ulivyomtaja mama watoto, ambaye kwenye barua yako nzima anaonekana kwenye mahesabu tu. Naye hajasema acha timu. Amesema nyumba ya mama haijaezekwa, na wewe unarudi uwanjani umenuna. Hayo ni malalamiko mawili tofauti, na la pili ndilo lililomchosha. Nina hakika ungerudi unacheka asingelihesabu. Aprili bado ina wiki kadhaa. Kaeni mezani na karatasi: mabati yanahitaji kiasi gani, lini, viti vinahitaji kiasi gani. Inawezekana jibu likawa kuvilipia na kuuza tiketi za mechi za Novemba na Desemba dhidi ya timu dhaifu, fedha ziende Tanga. Inawezekana likawa kiti kimoja. Lakini msiamue wiki ya kipigo, na usiamue na wale wa safu za chini.

Nikiwafikia hao wa safu za chini: mifuko ya karatasi ni mchezo wa zamani wa Wamarekani. Mashabiki wa New Orleans Saints waliivaa mwaka 1980 timu yao ya mpira wa Kimarekani ilipofungwa mechi 15 kati ya 16. Wanaficha sura kwa aibu ya timu. Kwao ni kichekesho, nami silaumu. Lakini wewe ulikaa mwaka mzima katika mji huo hakuna anayelijua jina lako, ukapata viti, ukapata watu wanaokupiga begani, na leo wanakutaka ufunike uso. Wao wakivua mfuko wanarudi kuwa walewale wa siku zote. Wewe una mtoto anayekutazama ili ajue mtu wa aina yako anasimamaje katika uwanja wa watu elfu kadhaa. Waambie hapana, na uwaambie una mafua ya sauti ukitaka njia rahisi. Mimi si muumini wa ukweli mtupu kwa mambo madogo.

Na kama unataka kweli kocha aondoke, andika. Ukurasa mmoja, kwa mkuu wa michezo wa chuo, jina lako kamili, namba za viti vyako, umekaa miaka mingapi, umeona nini kwenye mapumziko ya sekunde ile ya 50. Usimtukane mtu. Barua ya mwenye tiketi za msimu ina uzito, kwa sababu zile ni fedha zinazozungumza. Mtaani kwenu utakuwa labda ndiye shabiki pekee uliyeeleza tatizo la kocha badala ya kulipigia kelele, na kule kuinamia kamba za kiatu umekuelezea vizuri kuliko wachambuzi ninaowasikia huku kwetu.

Swali lako la kwanza, uache timu, nimelikwepa makusudi. Hukuja kuniuliza hilo. Mtu anayeacha timu haniandikii namba ya jezi ya aliyekuwa anafunga kamba.

Jumatano nenda. Nenda peke yako kama mtoto hajawa tayari, na kile kiti chake usimpe mtu. Mzee wa karanga atauliza kijana yuko wapi, maana wazee wa aina hiyo wanaandika kila kitu. Usimwambie ana kazi za shule. Mwambie kilichotokea, hata na yale ya kituo cha mafuta, halafu ukae usikie atakachosema. Naye miaka yote hiyo amewaona makocha wengi wakija na kuondoka, na hujaniandikia hata mara moja kwamba alipanda juu ya kiti.